Nilisema "Acha"

Alhamisi. Mvua imenyesha tangu asubuhi, na maji ya mto Mulongwe yamefika kwenye vizingiti vya majirani. Nina hasira. Naanza na hilo, daftari, usije ukadhani nimekaa hapa kukusimulia hali ya hewa.

Leo nimekaa saa tatu nzima katika banda la bandarini na watu wazima wanane, tukibishana juu ya neno moja. Tumetoka bila neno.

Tangu msimamizi wetu Mbelgiji akimbie, wiki ile askari walipoasi wakubwa wao, mimi ndiye kapita, mkubwa wa kikosi cha kupakia meli. Yule bwana aliacha kofia akabeba filimbi. Kofia sikuihitaji. Filimbi ningeishukuru sana.

Wakati wake amri zilikuwa mbili tu. Akisema "alte," mzigo unasimama hapo hapo ulipo, hata kama unaning'inia. Akisema "lashe," tunaachia kamba. Wengi wetu Kifaransa hatukukijua, lakini maneno hayo mawili tungeyatii hata usingizini.

Nilipopewa kikosi, siku yangu ya kwanza nilipanda juu ya robota la pamba nikatangaza kwamba alte na lashe zimekwisha. Tutafanya kazi kwa lugha yetu kama watu walio huru. Walinipigia makofi. Kashindi, mtu wa Runingu anayeshika winchi, alicheza kidogo. Maneno gani yatachukua nafasi ya yale mawili, sikusema, na hakuna aliyeuliza. Nilidhani Kiswahili kitajipanga chenyewe.

Jumatatu hii Simoni, mpakiaji mwenzetu, alikuwa chini, ndani ya meli, akiliongoza robota kwa mikono. Kashindi alikuwa juu ameshika mpini wa winchi, akiteremsha polepole. Robota likaanza kuyumba kuelekea kwa Simoni. Mimi nikapiga kelele: "Acha!"

Kashindi akaachia mpini.

Robota liliangukia mguu wa kushoto wa Simoni. Mlio wake sitaki kuuandika. Muuguzi anasema atatembea, ila mizigo asahau.

Jumanne ofisi ya bandari ikataka ripoti: nani alikosea? Atakayeandikwa humo ataondolewa kazini. Nikaandika kwamba Kashindi hakusikiliza amri. Ripoti hiyo imekaa mfukoni mwangu siku tatu, na kesho asubuhi wanaingoja.

Basi leo nikaitisha mkutano. Nilianza kwa kuwahubiria. Nikawaambia kikosi kisichosikilizana si kikosi, kwamba tangu uhuru kila mtu anajiona chefu, mkubwa wa wenzake, kwamba lazima tukubaliane namna ya kufanya kazi na kila mtu afuate yale tuliyokubaliana. Maneno mazuri sana. Nilijisikiliza nikasema lo, kweli huyu ni kapita.

Kisha tukaanza kutafuta neno la kusimamisha mzigo, na hapo ndipo kichwa kilipoanza kuniuma. Mmoja akasema "simama." Jirani yake akacheka: "Simama iko ya muntu. Robota iko na miguu?" Mwingine akaleta "ngoja," akaulizwa tungoje nini. "Basi" tuliikataa haraka, maana tuna mtu kikosini anayeisema kila baada ya maneno mawili, na kwa siku moja tungesimamisha kazi mara mia. Wafuliiru wakataka neno lao, Wavira lao, Babembe nao wakaamka. Nilipiga meza mpaka mkono ukawaka.

Hapo sauti ya nyuma ikasema kwa upole kwamba labda turudishe alte.

Ikawa fujo. "Sasa uhuru tuliipata ya nini?" Niliyepiga kelele kuliko wote ni mimi.

Kashindi alikuwa amekaa pembeni, ameinamisha kichwa. Kelele zilipopungua aliinua uso akanitazama.

"Kapita, minye nilisikia muzuri. Weye ulisema acha. Minye nikaacha."

Hakusema kwa hasira. Afadhali angefoka, ningepata la kumjibu. Nikafunga mkutano kwa kisingizio kwamba mvua imezidi. Mimi, ninayewafokea wenzangu kila siku kwa kukimbia mvua!

Nilipitia kwa Simoni. Amelala kwenye mkeka, mguu umewekwa juu ya gunia lililokunjwa. Nilimsimulia mkutano nikitumaini atacheka, na kweli alicheka kidogo, kisha akafumba macho kwa maumivu.

"Murudishe alte," akasema. "Uhuru iko muzuri, Kapita, lakini muguu yangu haijue mambo ya bendera."

Nilipoinuka kuondoka, mke wake akanifuata mlangoni. "Kapita, banasema bako namufukuza Kashindi. Ni yeye alikosa?"

Nikamjibu, "Tutaona."

Tutaona nini? Nimekuwa nikiona tangu Jumatatu. Neno lile lilipotoka kinywani tu, kabla robota halijafika chini, nilijua kosa ni langu. Mimi nilitaka kusema usiteremshe tena. Kashindi alisikia achia. Neno ni lile lile, na hakuna aliyelisikia vibaya.

Mbona basi niliandika jina lake? Niliogopa. Mimi ni wa kwanza kati yetu Waafrika kupewa kikosi hapa bandarini, na najua wapo wanaongoja kusema: si tuliwaambia, hawa hawawezi. Hiyo ndiyo sababu niliyojipa, na ina ukweli wake. Lakini ipo nyingine, na naona haya kuiandika. Naupenda ukapita. Napenda wakiniita hivyo njiani, mbele ya watu. Kwa jina hilo nilikuwa tayari kumrudisha mwenzangu Runingu mikono mitupu.

Aibu tupu.

Nimeichana ripoti. Mpya ina mistari mitatu: aliyetoa amri ni mimi; nilisema "acha" nikitaka mzigo usimame; Kashindi alifanya kama alivyoambiwa. Kesho nitaanzia bandani niwasomee wao kwanza, ndipo niende ofisini. Sijui jioni nitaitwa nani.

Na hiyo kesho, kabla sijaondoka bandani, kuna jambo la pili, na hilo linanikwama kooni kuliko ripoti. Nitawaomba turudishe neno la Mbelgiji, mbele ya watu wale wale walionipigia makofi nilipolifukuza. Nimejaribu kulitamka hapa mezani, kwa sauti ndogo, nione kama litatoka.

"Alte."

Mke wangu alikuwa akinimiminia chai. Amesimamisha birika hapo hapo hewani, hata tone halikudondoka, akaniuliza kuna nini.