Khisa Ameangalia

Tetu,
Alhamisi.

Kaka yangu Mwai,

Nakusalimu sana, na naomba majani chai ya huko Kangari yasiwe yamekumaliza mgongo. Mama ni mzima, ila lile goti. Ng'ombe amezaa ndama jike. Mimi sina ugonjwa.

Utashangaa kupata karatasi badala ya ujumbe wa simu. Sababu utaiona.

Unakumbuka ile kazi ya kujitolea uliyonicheka, ati nimepata wachumba wa mtandaoni? Bado naiendesha. Tunatengeneza kufuli ya hipavaiza, ile programu inayogawa kompyuta moja kuwa nyingi, kama mwenye ploti anavyogawa vyumba. Mwizi akiingia chumba kimoja, kufuli yetu inamzuia kugusa vingine. Mimi nakusanya vipande vya msimbo, yaani maandishi ya programu, kutoka kwa watu, naulizia nani amekagua, halafu natangaza toleo. Sheria ni moja: kipande hakiingii bila majina mawili, la aliyeandika na la aliyekagua. Toleo lilikuwa litoke kesho. Kuna hospitali inalisubiri, ilinde rekodi za wagonjwa.

Vipande vyangu hukaguliwa na Khisa. Hana maneno mengi, huandika tu kwamba ameangalia na iko sawa. Mwende, anayetufanyia majaribio kule Kitui, hutania ati huyo ndiye mume, hatawahi kugombana na mama mkwe.

Jumanne stima ilipotea tangu alfajiri. Kompyuta ilikuwa imezima mezani, na mimi nilikuwa shambani na Mama tukichuma kahawa. Iliporudi saa tisa, nilikuta Khisa ameandikia watu wote saa nne asubuhi. Alisema toleo lisitoke, kwa sababu kwenye kipande changu mwizi anaweza kufungua kufuli akiwa ndani. Akaongeza kwamba Nyawira, yaani mimi, apumzike kuchuma kahawa, na akishanawa mikono asome tena mstari wa mia mbili na kumi na nne.

Nilisoma. Ni kweli. Na sijawahi kumwambia mtu yeyote kule kwamba nachuma kahawa.

Kaka, Khisa hayuko. Khisa ni mimi. Niliona haya kuomba watu wazima wakague kazi ya msichana aliyemaliza Fomu Foo juzi, nikafungua akaunti, nikaipa jina, nikawa najipitisha mwenyewe. Hakuna mtu aliyewahi kuangalia.

Jana niliwaandikia wote ukweli, nikasimamisha toleo, nikafuta akaunti. Nilijua Mwende atanitukana. Amejibu leo ati niache mzaha: Khisa amekuwa akimwandikia pembeni tangu Machi, na asubuhi hii amemwambia anisalimie.

Neno la siri la akaunti hiyo lilikuwa jina la mbwa wetu aliyekufa. Mwingine anayelijua ni wewe. Kama ni wewe, sitakasirika, naapa. Niandikie kwa kalamu, niuone mwandiko wako. Na kama si wewe, niandikie pia, lakini usiguse simu, maana sijui ni nani anayesoma.

Mama anasema uvae sweta. Ubaki na Mungu.

Ni mimi mwenyewe, dada yako,
Nyawira