Fimbo ya Chuma Ndani ya Nyasi

Kitale,
Jumatatu, 20 Septemba 1954.

Kwa dada yangu Sellah,

Pokea salamu zangu wewe, shemeji na watoto, pamoja na mama yetu Nakhungu kama bado yuko hapo kwako. Natumaini mnaamka salama, na kwamba kidonda cha mwanao Wanjala kimekauka na sasa anatembea kama mwanamume, si kama bata. Mimi mwilini sina neno. Moyoni ni mambo mengine, ndiyo sababu mwandiko wangu unakimbia hivi. Nimekaa kwenye benchi nje ya ofisi ya afisa wa wilaya, D.O., tangu saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Nimeinuka mara sita, nimezunguka mlingoti wa bendera, nimerudi kukaa. Lori la polisi lilipotoka uani nililipisha njia, nikaendelea kuzunguka. Askari wa mlangoni ameniuliza kama natafuta choo.

Katika barua yako uliniuliza kama ni kweli yanayosemwa sokoni Kamukuywa, ati Mau Mau wamefika huku na kuchoma nyasi za tajiri wangu, Bwana Hartnell, ukamshukuru Mungu kwamba mimi sikuguswa. Nyasi zilichomeka, ni kweli. Lundo zima, refu kuliko kanisa lenu, lilikwisha Alhamisi moja saa nane mchana. Aliyekamatwa ni Kinyua, yule rafiki yangu niliyekusimulia habari zake, aliyetoka Nyeri na mkewe Nyaruai zamani kabla ya vita, anayekamua ng'ombe huku akiimba nyimbo za kanisa vibaya sana. Amekaa rumande zaidi ya wiki tatu. Leo saa nne D.O. anaamua kama atarudi nyumbani au atapelekwa kambi ya kizuizini. Waliopelekwa huko kutoka mashamba ya jirani, sijaona hata mmoja aliyerudi.

Sasa nivumilie kidogo, Sellah, maana lazima nikueleze habari za kitabu changu. Najua ukisikia kemia unaanza kupiga miayo. Mwalimu Wakhungu aliniazima kile kitabu kinene ili nijitayarishe kwa mtihani wa kuingia Makerere, na Bwana Hartnell aliahidi kuniandikia barua ya kunisifu, kwa kuwa karani wake ni mtu wa kuaminika. Kila jioni nilikuwa nikisoma mlangoni kwa Kinyua, na yeye hakosi swali. Siku moja nilichukua mbolea nyeupe ya amonia, nikaikoroga ndani ya kikombe cha bati chenye maji. Kikombe kikawa baridi mpaka kikatoka jasho. Kinyua alikishika, akakiachia, akacheka, akaniuliza nani amepuliza baridi humo ndani.

Halafu akaniuliza swali lililoninyima usingizi wiki nzima. Alisema kuni zikiwaka zinatoa joto, na hilo analielewa, kwa sababu kila kitu kinapenda kutua mzigo wake. Lakini mbolea hii inakunywa joto, na bado inayeyuka yenyewe bila kusukumwa. Sasa ni nani anayeamua lipi lijiendee na lipi likatae?

Nilitafuta mpaka nikapata. Kitabu kinasema joto si hakimu peke yake. Kuna pia kutawanyika. Vitu vikiachwa huelekea kutawanyika, kwa sababu njia za kutawanyika ni nyingi mno na njia za kukaa kwa mpango ni chache. Kipimo cha kutawanyika huko kinaitwa entropia. Ukipima joto na entropia kwa pamoja unapata kitu kinachoitwa nishati huru, na ikiwa hiyo inashuka, jambo litajiendea lenyewe. Chembe za mbolea zilikuwa zimejipanga ndani ya chumvi, zikapata nafasi ya kutawanyika majini, na faida hiyo ikashinda hasara ya joto. Kinyua akasema, “Kumbe ni kama watoto wakifunguliwa shule.” Nikaona amelielewa kunishinda.

Kitabu kinaongeza jambo ambalo nilipolisoma mara ya kwanza nililipita tu. Kujiendea si kwenda haraka. Jambo linaweza kujiendea polepole hata usilione, mpaka siku lionekane.

Nimesimama tena kidogo. Ofisi bado imefungwa. Nitaandika upesi.

Unakumbuka mlivyonitumia habari mwezi wa saba kwamba Wanjala atapashwa tohara Alhamisi ya kwanza ya mwezi wa nane, na kwamba bila mjomba na ng'ombe wa mjomba hakuna kitu. Ningekosaje? Nilimwomba Bwana ruhusa. Akakubali, lakini nyasi zote ziwe zimepangwa lundo kwanza. Tulikuwa tumezikata, mvua ikazinyeshea Jumatano, na mpaka Jumamosi zilikuwa hazijakauka. Wewe unajua nyasi zinavyopimwa: unasokota konzi moja mkononi, na zikikataa kukatika bado zina maji. Nilisokota. Hazikukatika. Kinyua naye alisokota, akaniangalia. Nikamwambia Bwana kwamba ni kavu, tukazipanga mpaka jioni, na asubuhi nikashika njia ya Kamukuywa. Wanjala alipokuja kwangu nikamvika luliki, ile nyama ya kifua cha ng'ombe, shingoni. Nikamshika mabega mbele ya watu wote nikamwambia asimame, asipepese jicho, asitie aibu ukoo wetu. Nawe ulilia kwa furaha. Mikono yangu ilikuwa bado inanuka nyasi mbichi.

Niliporudi, kazi yangu kila asubuhi ilikuwa kuchomeka fimbo ya chuma katikati ya lundo, kuitoa, na kuishika ili kujua hali ya ndani. Wiki ya kwanza ilikuwa vuguvugu. Wiki ya pili ilikuwa moto. Wiki ya tatu sikuweza kuishika. Nilijua kabisa kinachotendeka: nyasi zenye maji zinaendelea kupumua, vijidudu vinazila, joto halina pa kutokea, na mwisho wake hewa na nyasi zinamalizana zenyewe bila kiberiti. Dada, nilikuwa nimeisoma habari hiyo kwa taa! Lakini lundo likibomolewa Bwana ataona kwamba lilipangwa likiwa bichi, na barua yangu ya Makerere imekwisha. Kila asubuhi nilimwambia hali ni njema.

Siku mbili kabla ya moto Kinyua alinijia. Alisema, “Bana, hii kitu inapika ndani. Inanuka kama tumbako. Si tuibomoe?” Nikamjibu kwa ukali, ati yeye ni mkamuaji, ashughulike na maziwa. Hilo ndilo linaloniuma kuliko yote. Siku ile ya Alhamisi alichukua uma mrefu wa nyasi akaanza kulivuta lundo peke yake, ili kuliokoa, na labda kuniokoa mimi pia. Hewa ikaingia na moto ukatoka. Bwana alipofika alimkuta Mkikuyu amesimama kando ya moto, mkono umeungua. Nani angeuliza zaidi mwaka huu? Mimi niliulizwa. Nilisema sikuona kitu.

Nimenyamaza siku ishirini na tano. Kunyamaza kunajiendea kwenyewe, hakuhitaji nguvu. Jana Nyaruai alikuja kuniomba nimwandikie D.O. barua ya kumtetea mumewe, kwa sababu mimi nimesoma. Hakujua anamwomba nani. Nilishindwa hata kumpa kiti. Ndipo nilipojua kwamba lazima nije hapa.

Karani wa ofisi ametoka sasa hivi, ni saa tatu. Nimemtajia jina la Kinyua. Amesema orodha ilimalizika Jumamosi, jina hilo limo, na watu wa kambini wameondoka leo asubuhi kwa lile lori.

Nililipisha njia, Sellah. Nilisogea kando nikangoja lipite.

Nimemwambia karani kwamba nitaingia hata hivyo. Anasema maelezo yakiandikwa na kutiwa sahihi yanaweza kumfuata, ila yanakwenda polepole, na nisitarajie kurudi kwenye kazi yangu. Naingia. Barua hii nampa Chesang, anayepeleka vitunguu Kamukuywa.

Nisalimie wote, na mama mwambie kwa upole. Ukisikia nimefungwa usije kabla sijakuandikia. Badala yake nenda kwa Nyaruai, umpelekee unga. Wanjala msomee barua hii yote, usiruke mahali. Ajue kwamba siku ile ni yeye aliyesimama, na mimi niliyemshika mabega ndiye niliyepepesa jicho.

Ni mimi ndugu yako,
Mukhisa