Konsolata Amekonda, Alhamdulillahi

Jumatatu, 2 Juni 1969

Makaa yamewaka saa kumi na mbili kama kawaida. Maji yamechemka. Watoto kumi na mmoja benchini na mama zao, wote wananiangalia mimi. Nimekung'uta gunia la mwisho la maziwa ya unga: kikombe kimoja na nusu. Kaka yangu Saidi, anayepakua mizigo bandarini, anasema meli inayotuletea maziwa imeharibikiwa injini huko Kigoma. Lini itafika, hakuna anayejua.

Miaka minne napika katika kituo hiki cha kulishia watoto waliodhoofika. Gunia tupu sijawahi kuliona. Nina hasira na sijui nimkasirikie nani.

Jumanne, 3 Juni

Mtoto mpya, kutoka Buterere. Konsolata, miaka miwili na kidogo. Aliachishwa ziwa mdogo wake alipozaliwa. Sasa analelewa na bibi yake. Muhogo asubuhi, muhogo jioni. Mashavu yamejaa, miguu imevimba, nywele zimegeuka rangi ya ndevu za mahindi. Halii. Hachezi. Nimembonyeza mguu kwa kidole gumba, na shimo limebaki pale pale.

Bibi yake amemleta kwa sababu ya kikohozi tu. Kuhusu unene anajivuna.

Sikumcheka. Mdogo wangu Zuhura alikuwa hivi hivi. Mama alimzungusha mtaa wetu wa Buyenzi mzima akionyesha alivyonona. Tulimzika kabla ya Ramadhani. Ugonjwa huu nauchukia kuliko shetani mwenyewe.

Jumatano, 4 Juni

Nimemwambia Daktari: tuwape ndagala. Amecheka. Yeye ni Mbelgiji, kijana, mwema, lakini samaki mdogo kama kidole anamwona chakula cha paka.

Nikamkumbusha somo lake mwenyewe. Si yeye aliyetufundisha kwamba mwili hujengwa kwa protini, na protini imeungwa kwa vipande vidogo viitwavyo asidi amino? Kwamba vingine mwili hauwezi kujitengenezea, lazima viliwe? Mimi mke wa fundi cherehani, nililielewa somo lile siku ile ile. Shati likikosa kifungo kimoja, mteja halichukui, hata kama vingine saba vipo. Muhogo hauna vifungo vya kutosha. Mahindi yana vyake, yanapungukiwa kimoja. Maharage yana hicho, yanapungukiwa kingine. Ukivipika pamoja vinasaidiana. Ndagala anavyo vyote.

Akasema ndagala wana mchanga, wataharisha watoto, na kitabu cha kituo hakiwataji. Nikamjibu kwamba aliyeandika kitabu hajafika Ruziba kwa wavuvi.

Mwishoni amekubali, mpaka meli ifike. Sharti lake: mtoto mmoja akidhurika, nivue aproni nikamshonee mume wangu vifungo. Sawa. Tutaonana.

Alhamisi, 5 Juni

Nimetoka Ruziba. Mwezi bado mkubwa, wavuvi hawaingii ziwani na taa zao, kwa hiyo wabichi hakuna. Nimepata wakavu. Nimewaosha maji matatu mpaka mchanga ukaisha, nikawaanika juu ya bati, nikawatwanga, nikachekecha kwa kitambaa. Unga wa mahindi, maharage yaliyomenywa na kupondwa, unga wa ndagala, karanga kidogo ziwe mafuta. Sufuria nimeazima msikitini, ile tuliyopikia pilau ya Maulidi.

Bibi wa Konsolata alipoona karanga akafunika mdomo wa mtoto kwa kiganja. Ana ng'ombe mmoja kwa mwanawe huko milimani. Kwao, anayekunywa maziwa na kula karanga siku hiyo hiyo anamharibu ng'ombe kiwele. Na hapa alisikia ni kituo cha maziwa.

Sikubishana naye. Nimemwambia, "Mukecuru, bibi yangu, maziwa imekwisha hapa. Tone moja apana. Ng'ombe yako iko salama." Alifikiri. Akaondoa kiganja.

Ni mara ya kwanza nashukuru kwamba injini ya meli imekufa.

Jumamosi, 7 Juni

Jana Konsolata alitema yote. Leo vijiko vitano. Kidogo kidogo, mara sita kwa siku. Hakuna aliyeharisha. Daktari amepita jikoni mara tatu, anajifanya anatafuta kalamu.

Jumatatu, 9 Juni

Konsolata anakojoa kama mfereji. Tumempima: uzito umeshuka. Maji yanamtoka mwilini! Hivyo ndivyo inavyotakiwa. Nilicheka kwa sauti pale pale mbele ya mizani, nikapiga makofi. Hata Daktari alitabasamu.

Jumanne, 10 Juni

Hayupo.

Bibi amemfunga mgongoni alfajiri akaondoka. Mama mmoja wa Kongo, aliyekaa naye benchini, ameniambia maneno aliyoacha: "Banamukausha mutoto wangu, na banachekelea."

Alikuwa amesimama nyuma yangu jana. Aliona mshale wa mizani unashuka na mpishi anapiga makofi. Hakuna aliyemweleza kitu. Mimi niliyezaliwa na mama aliyedanganywa na uvimbe, nilisahau kumweleza.

Daktari amesema tuwashughulikie waliobaki. Ana haki. Lakini mtoto akirudi kwenye muhogo mtupu sasa, atakufa, na nitakuwa nimemfukuza mimi.

Jumatano, 11 Juni

Nimechukua baiskeli ya mume wangu mpaka Buterere. Nimeuliza nyumba kwa nyumba kando ya mashamba ya mpunga, tope mpaka magotini. Nimewakuta. Mtoto kakaa mlangoni, bonge la muhogo mkononi, hali.

Bibi hakunikaribisha. Aliinua mguu wa Konsolata, akaonyesha uzi wa shanga wa kifundoni. "Angalia! Ilikuwa inamubana. Sasa inatoka yenyewe. We mama, mulimufanya nini?"

Nilijiandaa njia nzima kumpa somo la asidi amino. Lilinitoka kichwani lote. Nikamsimulia habari za mdogo wangu Zuhura. Kituoni sijawahi kumtaja kwa mtu. Nilimwambia kwamba mama yangu naye alisema Zuhura amenona, alisema hivyo mpaka siku ya mwisho. Nililia, na mimi si mtu wa kulia mbele za watu.

Halafu nikabonyeza mguu wa mtoto. Shimo lilibaki, dogo kuliko la kwanza. Nikabonyeza mkono wa bibi mwenyewe. Hakuna shimo. "Kwako ni nyama, mukecuru. Kwake ni maji. Maji itoke kwanza, nyama ndiyo ikuje."

Akabonyeza yeye. Mguu, mkono wake, mguu tena. Kisha akaingia ndani akatoka na kitenge cha kumbebea mtoto. Barabarani alitangulia yeye, mimi nyuma nasukuma baiskeli mpaka kituoni.

Alhamisi, 19 Juni

Meli imefika. Saidi ameyaleta magunia mwenyewe, kwa mkokoteni, anaimba.

Nilidhani ndio mwisho wa ndagala wangu. Daktari amesema maziwa wapewe walio taabani, na uji ubaki. Nimemwomba arudie. Amerudia: ubaki. Kisha akafungua daftari, akaniomba vipimo. Mimi natamka, yeye anaandika. Vikombe vingapi, maji mangapi, kuosha mara ngapi. Mimi niliyeishia darasa la nne! Nilitamka polepole kusudi, nilifurahie jambo hilo. Najivuna na sitaomba radhi.

Bibi amekataa maziwa. Ng'ombe wake ana mimba, hataki mchezo. Konsolata abaki na uji wake.

Jumatano, 25 Juni

Uvimbe umekwisha. Konsolata amekonda kabisa, mbavu zinahesabika, alhamdulillahi. Na leo mizani imeanza kupanda. Nimemwita bibi kwanza ndipo nikampima mtoto, nikamwonyesha mshale mwenyewe.

Konsolata amenipokonya mwiko. Nilipomnyang'anya ameniuma kidole, akalia mpaka jirani wakachungulia. Sauti tamu kama nini.

Jumanne, 1 Julai

Sikukuu ya uhuru. Ngoma zinasikika kutoka mjini, Daktari amekwenda kutazama gwaride. Jikoni hakuna sikukuu.

Saa nne ameingia mama kijana, mtoto wake kajaa mashavu, miguu inametameta. Nilikuwa na mwiko mkononi. Kabla sijaufikia mlango, bibi wa Konsolata alishampisha mahali benchini. Alimwambia kwa Kirundi, taratibu, na Kirundi mimi nakisikia vizuri. Alimwambia: huyu atakonda kwanza. Utaona amekonda, utaogopa, utataka kukimbia. Mimi nilikimbia. Wewe usikimbie.

Uji ulikuwa umeanza kushika chini, nikarudi kuukoroga.