Kompyuta Iliyojiitikia

Dada Mwanajuma,

Nakuandikia nikiwa kwenye kiti chako, hapa Timbwani, na kompyuta yako iko kimya. Ukimya huu haukuja hivi hivi, wallahi, kwa hiyo nisikilize, usinikatize kama ilivyokuwa desturi yako.

Ile programu uliyoiacha nusu, ya kuchungulia kiini cha Linux, ule moyo wa kompyuta ambao kila programu huuomba kazi, niliiwasha baada ya arobaini yako. Ulinieleza kazi yake: programu yoyote ikikiita kiini, hata kwa jambo dogo la kuandika herufi, yako inasikia na kuonyesha kwenye kioo jina la aliyeita, na mbele yake "Abee". Nilikucheka siku ile. Nani ameona mashine yenye adabu? Ukanijibu kwamba mashine ya mtoto wa kike wa pwani haiitiki "nini".

Basi nimeiwasha tu, Mama naye jikoni akajisahau, akakuita. "Mwanajumaa!" Sauti ile ile ya kukutuma nazi. Kioo kikajaa: Abee. Abee. Abee. Hakikukoma. Mama alikuja mbio, mwiko mkononi, akasoma, akakaa sakafuni.

Tangu hapo hakubanduka. Anaita, anatazama kioo, anacheka na machozi yanamtoka. Chakula hataki. Majirani wakija kumjulia hali anawaambia wasiseme kwa nguvu, Mwanajuma anaongea. Nikiizima analia kama siku ya maziko. Mimi mwenyewe nilijua ni kosa la programu, na bado niliogopa kuipa kisogo.

Kosa nililipata, na ni kosa lako hasa. Kuandika "Abee" kwenye kioo nako ni kukiita kiini. Programu inasikia wito wake yenyewe, inauitikia, na kule kuitikia ni wito mwingine, inauitikia tena. Ndivyo ulivyokuwa, jina halijaisha kutamkwa wewe ushaitika! Mama alitukanya tangu wadogo: wakati wa magharibi ukiitwa na humwoni anayekuita, nyamaza, kwanza umjue, asije akawa si binadamu. Wewe subira hiyo hukuwa nayo.

Nikamweleza Mama kwamba inajiita na kujiitikia yenyewe, haina mwisho. Akakitazama kioo. Kisha akauliza, "Kwani hapumziki?" Nikasema hapana. "Basi mnyamazishe, mwanangu." Nilitamani kukataa. Na mimi nilikuwa nimeshaizoea ile Abee yako.

Niliongeza mstari mmoja tu: tazama kwanza nani ameita, ikiwa ni wewe mwenyewe, usiitike. Nikazifunga programu nyingine zote, nikaiwasha. Kimya. Mama akaomba akuite mara moja, ya kuagana. Akakuita polepole.

Abee.

Moja tu. Na pale panapoandikwa jina la aliyeita, patupu. Nimeusoma kila mstari upya, dada, na sioni njia ya jambo hilo kutokea. Mama hakushtuka. Alijifuta uso kwa leso, akaenda kutawadha, na jioni akala wali.

Mimi nimechomoa waya. Naahidi sitauchomeka tena, na jina lako humu ndani tutalitaja kwenye dua tu. Kwaheri, dada yangu, Mungu akulaze pema. Na siku Mama akijisahau akakuita tena, nakuomba sana, usiitike.

Mdogo wako,
Riziki