Mayai ya Panya

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Goti limepoa? Na wale wageni waliovuka ziwa wakikimbia vita, uliowapa chumba cha uani, bado mnakula sufuria moja? Mimi ni mzima, ila baridi ya huku haina adabu.

Barua ya mdogo wangu Saidi nimeisoma nikacheka peke yangu, kisha nikakasirika. Kumbe mtaa mzima wa Kasingirima unasema binti yako anaangua mayai ya panya Ulaya, nawe umeapa, "Mwanangu hachomwi panya!" Kosa ni langu. Niliandika kwamba dawa niliyomtumia Saidi inatokana na kifuko cha mayai cha panya, nikijiona msomi. Panya jike ana mayai, Mama, lakini ya ndani, kama yetu sisi wanawake. Hatagi.

Mnyama mwenyewe anaitwa hamsta, panya mnene asiye na mkia wa kujivunia. Alitolewa chembe hai mara moja, kabla sijazaliwa. Tangu hapo huzaana zenyewe kwenye chupa, na kazi yangu ni kuzilisha. Ni kama mtindi wako: kianzio ulipewa na bibi, ng'ombe alishakufa zamani, nasi tunakunywa. Chembe hizo hutengeneza kitu cha kugandisha damu, ambacho Saidi amezaliwa bila. Tunakichuja, tunakisafisha, chembe tunazitupa. Panya hamo.

Imamu wa huku nimemuuliza, hakuona tatizo. Muulize na wa hapo. Jirani usimuulize.

Jino la Saidi limeoza, na daktari haling'oi bila sindano ile. Mjomba Rajabu alipotokwa damu jandoni mpaka akafa, wewe ndiye uliyefua shuka. Hakurogwa, wala ngariba hakukosea. Damu yake ilikuwa hii hii ya Saidi, na tunaoirithisha ni sisi wanawake. Nimepimwa, nami ninayo, ingawa siumwi. Sikulaumu, na wewe usijilaumu.

Nisalimie baba mdogo, na yule nesi Mrundi, mkimbizi mwenye subira, anayeitunza dawa kwenye friji ya hospitali. Anasema itaharibika mwisho wa mwezi. Mpeleke Saidi Jumatatu, Mama. Sibembelezi.

Mume wangu anakuamkia. Nina mimba ya miezi minne. Akizaliwa wa kiume na damu ya mjomba, atachomwa sindano hiyo hiyo, na nitamchoma kwa mkono wangu.

Mwanao,
Zainabu