Papa Philémon, Uliyeharibu Kazi Ili Wengine Waipate

Mwaka mmoja umezunguka, Papa Lucien, tangu uweke kikombe chako cha chai juu ya meza, baada ya misa, na usikichukue tena. Watu wote wa Kadutu walikuita Papa Philémon. Mimi nitakuita vile nilikuita siku zote, kwa jina la mutoto wetu wa kwanza, ili ujue ni mimi bibi yako ninaandika, haiko mutu wa ofisi.

Chai ilikuwa ingali moto. Ulikuwa umetoka kuniambia: "Kesho niko na stage kwa Jeanine." Njo maneno yako ya mwisho. Wanaume wengine wanaachia bibi zao maneno ya mapendo. Wewe uliniachia stage.

Kwa wale hawakukujua: kazi yako ilikuwa kutafutia wengine kazi. Vipofu, viziwi, wale miguu haiwabebi, na wale waliogonjwa kichwa wakapata nafuu lakini watu wakaendelea kuwaogopa. Ofisi yenu ilikuwa chumba kimoja juu ya soko, na mvua ikinyesha munahamisha meza. Ulipanda na kushuka zile njia za Kadutu na mwavuli wako mweusi, hata jua likiwaka, ukisalimia kila mutu, hata mbuzi.

Na ulikuwa na desturi yako. Hukupeleka mutu pahali wewe mwenyewe hujafanya kazi kwanza. Ulikuwa unasema: "Patron, uniache nifanye stage, nijaribu kazi yako siku chache. Nikijua kazi yako inaumiza wapi, nitajua vile ya kukuletea mutu." Maneno mazuri sana. Shida ilikuwa mikono.

Mungu akurehemu, Papa Lucien, lakini hukujua kufanya kitu. Nyumbani kwetu tunakula kwa sahani za chuma kwa sababu yako. Siku moja nilikuachia sambaza, wale samaki wadogo, kwenye moto, jirani Christine akaja akikimbia na ndoo ya maji.

Nakumbuka ya Papa Pascal, mwenye boulangerie ya mikate. Ulimuomba amuchukue Hervé, ambaye hasikii. Akakataa: "Nitamuita namna gani?" Wewe ukaingia stage. Haikupita siku nyingi, Papa Pascal akasimama kwa mulango wetu na mufuko wa mikate nyeusi kama makaa.

"Maman Lucien, muzee yuko?"

"Yuko. Amelala, amechoka na kazi."

"Kazi gani? Muambie aniletee ule kiziwi leo hii! Na kipofu pia aniletee, nitamuchukua. Ila yeye mwenyewe asirudi!"

Ukatoka chumbani na unga ungali kwa masikio. "Patron," ukasema, "nimeona kitu kimoja. Wewe unaita watu ukiwa nyuma yao. Mimi ninayesikia ninashituka, mikate inaanguka. Ukitaka kumuita Hervé, zunguka, usimame mbele yake." Papa Pascal alizunguka. Mpaka leo Hervé njo anaoka mukate tunaokula, na Papa Pascal amezoea kuzunguka hata kwake nyumbani, anasimama mbele ya bibi yake ndipo anasema. Anasema ugomvi umepunguka.

Kwa mushonaji ulishona suruali ya mwalimu ukaifunga miguu yote mbili chini, kama mifuko ya unga wa muhogo. Mélanie, mwenye kutembea na baiskeli ya mikono, alipewa mashini ya mukono siku ileile.

Watu walisema ni ujanja. "Muzee huyu anaharibu makusudi ili mutu wake aonekane muzuri." Wewe uliwaacha waamini. Mimi niliyekula sambaza zako ninajua ukweli.

Lakini uliondoka hujamaliza, Papa Lucien. Uliacha Joviale. Ule dada alikuwa amegonjwa kichwa, akalazwa, akapewa dawa, akarudi mutu kamili, na watu wa mutaa wakaendelea kumupisha njiani kama gari. Binti yake mudogo walimupeleka Kavumu kwa nyanya yake, na familia ikasema wazi: mutoto atarudi siku mama yake atakuwa na kazi. Wewe ulikuwa umemutafutia kazi ya kupika kwa resto ya Jeanine, chini ya soko. Matanga ilipoisha, alikuja akakaa kwenye kiti chako.

"Koko," akaniuliza kama mujukuu, "na mimi?"

Chris, aliyechukua meza yako, alikwenda kumuombea. Jeanine akapandisha sauti.

"Stage amefanya nani? Kwa Papa Pascal Papa Philémon alifanya. Kwa mushonaji alifanya. Kufika kwangu njo munaruka? Munaniona mimi patron mudogo?"

Chris akasema atafanya yeye, lakini ana mikutano. Mikutano haikuisha. Basi nilijifunga kitenge, nikashuka mimi.

Hapa njo mambo iliharibika, kwa sababu mimi sikuharibu kitu. Nilipika sombe ya majani ya muhogo, nilisonga bugali, nilipika maharage, watu wakaramba vidole. Jeanine akanishika mukono: "Maman Lucien, Joviale wa nini tena? Ubakie wewe!"

Nilirudi nyumbani na aibu. Nilikwenda kumuombea mutu kazi, kumbe ninamunyanganya. Kesho yake nikaamua nifanye kama wewe. Nikamwaga chumvi kwenye sombe macho yakiwa yamefungwa. Mwenye pikipiki mmoja akaonja, akapiga meza: "Leo njo mumepika!" Akaomba sahani ingine. Nikaelewa kwamba wewe ulikuwa na zawadi, na mimi sina.

Basi nikaketi na Jeanine, nikamuambia mambo vile iko.

"Mutoto wangu, magoti yangu haitapanda hii njia tena. Umuchukue Joviale. Dawa yake ni nzito, asubuhi anaamka kama mutu aliyebeba mawe. Aanze jua ikiwa juu. Na watu wakiwa wengi usimupigie kelele. Muambie jambo moja, likiisha, muambie lingine."

"Na ugonjwa ukirudi?"

"Atapumuzika, Chris atamupeleka kwa munganga wa hospitali, atarudi. Wewe typhoïde ilipokulaza, tuliuza sufuria zako?"

"Hapana."

"Ehe."

Akakubali kwa pembe ya mudomo. "Essai tu, Maman. Kumujaribu tu."

Siku ya kwanza ya Joviale, kabla watu wa saa sita hawajafika, telefone yangu ikalia. Ni Jeanine. "Maman Lucien, kuja uone!" Na akakata.

Nilishuka ile njia magoti yakilia, nikiomba Bikira Maria kwa kila jiwe. Moshi niliuona kutoka mbali. Nikawaza ule mutoto wa Kavumu, nikasema: imekwisha. Joviale alikuwa amesimama pembeni ya sufuria, kitambaa mudomoni. Maharage yote yameungua, sufuria nyeusi mpaka mushiko. Na Jeanine, ameshika mbavu, anacheka hata kusimama hawezi.

"Sawa kabisa na vile Papa Pascal anasimuliaka! Njo stage yenyewe hii! Wewe, Maman Lucien, ulikuja kunidanganya na sombe yako tamu." Akapangusa macho, akamuwekea Joviale sufuria ingine mikononi. "Sasa stage imekwisha. Kesho unaanza kazi. Jua ikiwa juu."

Yale maharage tuliyala sisi watatu, kutupa ilikuwa huruma. Papa Lucien, ilikuwa ladha yako kabisa. Nilikula yote, nikapangusa sahani na kidole. Sikuwa nimekula vile tangu uende.

Binti amerudi kutoka Kavumu. Jumamosi, baada ya misa ya kukuombea, marafiki wote wafike nyumbani. Joviale njo atapika, na anapika vizuri sasa. Lakini maharage ikinuka moshi kidogo, musimunungunikie. Mujue muzee amepita jikoni.

Wanaokukumbuka: mimi bibi yako Virginie, mutoto wetu Lucien na bibi yake Delphine, pamoja na wajukuu, ambao wangali wanakula kwa sahani za chuma, dada yako Pascaline wa Idjwi, Joviale na binti yake, Mélanie na Hervé, Chris, kati ya mikutano, Jeanine, na Papa Pascal, anayeomba iandikwe hapa kwamba mikate amekusamehe.

Hatutakusahau, Papa Lucien, siku zote za maisha yetu. Pumuzika kwa amani, na huko mbinguni usiguse kitu.