Isale ya Afisa wa Intaneti

Jumamosi, Marangu. Mlima haujatoka tangu asubuhi, na kuna ile baridi ya mawingu inayofanya nguo zishinde kambani bila kukauka. Nimekaa jikoni kwa mama, kwenye kigoda, naandika haya kwenye simu. Nitayapandisha mtandao ukirudi. Kama utarudi.

Leo sina imani na mtu. Nasema mapema ili anayesoma asije akadai hakuonywa.

Kwa asiyenijua: nafundisha Kiswahili kwa njia ya video. Wanafunzi wangu wako nchi za mbali, mimi niko kwenye chumba cha kupanga pale Soweto, Moshi mjini, na mwisho wa wiki napanda huku kwa mama. Tangu baba afariki anaishi peke yake na ng'ombe na migomba yake. Kazi hii ndiyo iliyoniwezesha kubaki karibu naye wakati wenzangu wote wamehamia Dar. Lakini siku hizi nikifika katikati ya somo picha inaganda, na mwanafunzi anabaki kumtazama mwalimu aliyekwama mdomo wazi kama anasubiri daktari wa meno. Wale wanaoniunganisha na wanafunzi wameandika juzi: nithibitishe kwamba mtandao wangu utakuwa imara muhula ujao, la sivyo nafasi yangu watampa mwingine. Jibu wanalitaka kesho.

Dawa, tumeambiwa, iko baharini. Kuna kebo mpya inalazwa chini ya bahari hadi Dar, na ikishafika, hata sisi wa mlimani tutaonja. Mwanzo walisema meli ya kuilaza imechelewa. Tukasubiri. Kisha ikawa kibali. Kisha bahari imechafuka. Bango la kampuni inayotuuzia intaneti, lile linalosema kasi mpya inakuja, limepigwa jua pale njia panda mpaka msichana anayecheka juu yake amepauka. Mtu akinipa sababu moja naweza kumwamini. Akinipa tatu zisizofanana, naanza kujiuliza anaficha nini.

Leo wametuletea afisa, aje azungumze na wateja kwenye ukumbi wa usharika, kanisani kwetu. Nikaenda na mama. Watu walikuwa wengi, na walikuwa wamechoka. Kulikuwa na waongoza watalii ambao wageni wao wakikosa jibu la haraka wanamwandikia mwingine. Kulikuwa na mama mwenye nyumba ya wageni, akilalamika kwamba wageni wanamsema vibaya mtandaoni kana kwamba yeye ndiye aliyeificha hiyo kebo chini ya kitanda. Mwongoza watalii mmoja akauliza, "Bahari gani hii inachafuka mwaka mzima? Samaki si wangeshahama?" Ukumbi ukacheka, lakini kicheko chenyewe kilikuwa na hasira ndani yake.

Afisa akasimama. Kijana nadhifu, wa huku huku kwetu. Akasalimia kwa Kichagga, akawapa wazee shikamoo, watu wakaanza kulegea. Kisha akainama kwenye kiti chake, akainuka na isale mkononi.

Kwa msomaji wa mbali: isale ni ule mmea wa majani marefu tunaoupanda kuzunguka kihamba, shamba la nyumbani. Mtu aliyekukosea akikuletea isale, mambo yamekwisha. Husamehi kwa sababu umependa. Unasamehe kwa sababu imeletwa. Nimeona ndugu waliokuwa hawasalimiani wakipatanishwa na jani hilo. Ila mimi nilivyolelewa, aliyekosa hutuma mtu mzima amwombee, na kosa linatajwa wazi. Huyu aliishika mwenyewe, akaiinua juu, akasema, "Wazee wangu, mama zangu, kampuni imenituma niombe radhi kwa usumbufu."

Usumbufu. Kosa lililotajwa ni hilo tu.

Na kuna kitu nilikuwa nimekiona. Tulipokuwa tunaingia, dereva wake alikuwa kwenye ua wa usharika anavunja kijiti cha kitu fulani, nikadhani mwenzetu anatafuta mswaki. Kumbe bosi wake alichungulia dirishani, akaona umati ulivyonuna, akaagiza msamaha uchumwe. Hakuna kampuni iliyomtuma na isale. Ilichumwa hapo hapo mlangoni, kutoka kwenye ua wetu wenyewe.

Mzee wa kanisa aliyekuwa mwenyekiti wa kikao aliipokea kwa mikono miwili. "Isale haikataliwi," akasema, na sauti yake haikuwa na furaha yoyote. Makofi yakapigwa. Mwongoza watalii wa samaki akapiga. Mama yangu akapiga.

Mimi nikanyoosha mkono. Nikasimama, nikawaamkia wazee, nikasema nina swali moja tu: kebo itafika lini?

Ukumbi ulinigeukia mimi. Si yeye, mimi. Nikasikia mtu nyuma akiguna. Afisa akatabasamu kwa upole kabisa, akasema, "Dada yangu, si tumeshasameheana?"

Mama akanivuta kitenge. "Kaa chini," akaninong'oneza. "Watu watasema sikukufunza."

Nikakaa. Kikao kikafungwa kwa sala, afisa akapeana mikono na watu mpaka kwenye gari, na hakuna aliyemuuliza kitu kingine. Nimepigwa changa la macho mara nyingi maishani, lakini kupigwa kwa mila yangu mwenyewe ni mara ya kwanza. Niliona aibu, kisha nikaona hasira kwa sababu ya kuona aibu.

Tulirudi nyumbani. Mama alichukua panga, akaanza kumkatia ng'ombe mgomba, nami nikawa nakusanya vipande. Baadaye kidogo akasema, bila kuinua kichwa, "Hata mimi nilimwona yule dereva."

Nikamuuliza, "Sasa mbona ulipiga makofi, mama?"

"Ningefanyaje? Ni isale."

Halafu akaniambia kwamba mwenyekiti naye alikuwa amesimama mlangoni wakati ule, na kwamba nusu ya watu waliokaa upande wa dirisha waliona pia. Wote walijua. Wakapokea hivyo hivyo, kwa sababu siku tukianza kuuliza isale ilichumwa wapi na kwa moyo gani, nani tena atapatana na ndugu yake? Hilo ni langu, mama hakulisema. Yeye alisema tu nisichanganye majani mabichi na makavu ya ng'ombe. Na afisa, nina hakika, alijua kuliko sisi sote kwamba isale haihojiwi. Ndiyo maana kampuni haikuleta mgeni.

Sijui kama nawaheshimu zaidi au nawalaumu zaidi.

Jioni hii nimejaribu kuwajibu wale wa masomo. Nilianza kuandika kwamba ndiyo, nathibitisha, mtandao utakuwa imara. Sentensi nzuri, ya adabu. Wao wako mbali, wangeipokea, na muhula ungeanza nikiwa bado na kazi. Nikaitazama nikaona nimefanana na mtu niliyeshinda nikimchukia. Nikaifuta. Nikaandika kwamba siwezi kuahidi, kwamba hakuna anayetuambia ukweli, na kwamba mimi ni mwalimu mzuri.

Mama ameuliza naandika nini kwa uso huo. Nimemwambia kazi. Sijamwambia kwamba huenda mwezi ujao nikawa natafuta chumba Dar.

Nimebonyeza kutuma. Mtandao hakuna, kwa hiyo ujumbe bado umekaa hapa kwenye simu yangu, unasubiri. Bado naweza kuufuta.

Naomba mtandao urudi kabla sijapata akili.